Helikopta ya rimoti kwa anayeanza, kazi kubwa iko mezani

Mambo vipi wadau. Tangu nianze kuweka video za helikopta yangu ya rimoti maswali yamekuwa mengi inboksi, ninunue ipi, nianzeje, mbona yangu nikiongeza moto tu inazunguka kama pia alafu inalala ubavu, sasa badala ya kumjibu kila mtu kivyake acha nimwage yote hapa. Itakuwa ndefu.

Kwanza tuelewane, helikopta sio droni. Droni za siku hizi ukiachia fimbo inasimama yenyewe hewani, ina GPS, ina kompyuta inayoishikilia, we unaweza ukajibu simu. Helikopta ya kawaida ukiachia fimbo haikusubiri, inaendelea kwenda kulekule ilikokuwa inaelekea mpaka ikutane na kitu. Alafu droni ina mota nne basi, hamna kingine kinachocheza, helikopta ina vijiti, mikono ya sevo (vimota vidogo vinavyosukuma hivyo vijiti), beringi, gia, mkanda wa mkia, na kimoja kikikaa vibaya kidogo tu huko juu utakiona. Kwahiyo kwenye boksi wakiandika iko tayari kuruka we elewa kwamba vipuri vyote vimo ndani. Kiwandani wamefunga skrubu, setapu ni juu yako, na setapu ni meza, taa nzuri, alenki ndogondogo na jioni kadhaa za kukaa kimya.

Ya kununua. Kwa harakaharaka ziko aina tatu. Kuna zile zenye rota mbili juu kwenye shafti moja, moja inazunguka huku nyingine kule, kama Syma S107, hizi zinatulia sana kwa sababu ile nguvu ya kuizungusha bodi zinafutiana zenyewe, lakini S107 inatumia infraredi kwahiyo juani rimoti haisikiki vizuri na upepo wa feni tu unaondoka nayo, hiyo ni ya sebuleni. Kuna za rota moja ambazo pembe ya bladi haibadiliki, ukitaka ipande unaongeza spidi ya mota, mfano WLtoys V911, ni nyepesi, ikianguka unaiokota unaendelea, na mimi ukiniuliza mtu anayeanza kabisa aanzie hapa hata kama ana hela ya kubwa. Alafu ndo kuna zenyewe, za pichi, hapa mota inazunguka spidi moja muda wote na fimbo yako inabadilisha pembe ya bladi, ndo zile mnaziona YouTube zinaruka miguu juu kichwa chini. Ndogo ya kujifunzia kwenye kundi hili ni kama K110, kubwa kidogo ni saizi 450 na kuendelea.

Yangu ni 450, bladi za milimita 325, betri ya lithiamu ya seli tatu, 2200 mAh, yaani ampea-saa 2.2. Mtu atasema 450 ni kubwa kwa anayeanza na ana haki, ila kubwa ina faida, upepo mdogo hauiyumbishi na ikiwa mbali jicho bado linaona imegeukia wapi. Ubaya wake ni mmoja na ni mzito. Piga hesabu, rota ina upana wa karibu sentimita 70, ikizunguka mara 2600 kwa dakika ile ncha ya bladi inatembea mita kama 95 kila sekunde, hiyo ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na inafanya hivyo kwenye urefu wa goti lako. Bladi ya kaboni kwa spidi hiyo haijui kidole haijui shingo. Mkiniona huko chini nasisitiza mambo ya usalama mpaka nachosha mjue inatoka hapa.

Kuagiza mwili wa helikopta hakuna shida, shida ni betri. Lithiamu haipendwi kwenye ndege, tangu 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake kama mzigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, kwahiyo mawakala wengi wa mizigo wakiona neno betri wanaitoa au wanakwambia subiri meli. Njia inayofanya kazi ni mtu anayekuja, ndugu yuko Dubai au Guangzhou, anaibeba kwenye begi la mkononi, sio la kwenda chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja, na hii ya 450 ni volti 11.1 mara 2.2 unapata kama 24, iko chini sana. Mwambie azibe mdomo wa waya kwa selotepu na aulize shirika lake kabla ya kupaki.

Haya, imefika, iko mezani. Kabla hujagusa kitu chochote chomoa waya mbili kati ya zile tatu zinazoenda kwenye mota, zifunge selotepu zisigusane. Hapo unaweza kuwasha rimoti na betri ukacheza na sevo mpaka asubuhi na bladi hazitazunguka. Na bladi kuu zenyewe zitoe kabisa uziweke kabatini, hazihitajiki mpaka mwishoni. Kuna watu wanafanya setapu mota ikiwa imeunganishwa eti watakuwa makini, umakini wako hauna maana siku chaneli ya throto, ile ya nguvu ya mota, imejigeuza kwenye rimoti na chini kabisa imekuwa juu kabisa.

Alafu skrubu. Kila skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma ifungue moja moja, ifute mafuta kwa spiriti, weka tone dogo la ile gundi ya bluu ya nati, rudisha. Moja moja nimesema, usifungue zote ukaanza kujiuliza ipi ilikaa wapi. Skrubu inayoingia kwenye plastiki usiiwekee hiyo gundi, inaila plastiki inapasuka. Na isiguse beringi. Ukifika kwenye gia, ile ndogo ya mota inavyokutana na gia kuu ya plastiki, chukua kipande cha karatasi chembamba kipitishe katikati huku unazungusha kwa mkono, kikitoka kimekunjwakunjwa meno vizuri bila kuchanika umbali uko sawa, kikichanika umebana sana, kikitoka na alama hafifu umelegeza na siku moja gia itanyoa meno ikiwa hewani.

Sasa rimoti, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Helikopta za pichi za sasa hazina tena ile flaibaa, kile kijiti chenye vibawa viwili juu ya kichwa, kazi yake ya kuituliza inafanywa na jairo ya mhimili tatu, kiboksi cha kielektroniki kinachohisi helikopta ikigeuka na kuirekebisha. Kichwani kuna sevo tatu zinasukuma ile sahani iliyo chini ya rota, wenyewe wanaiita swoshipleti, zikipanda zote tatu pamoja bladi zinapata pichi helikopta inapanda, zikienda tofauti sahani inainama na helikopta inaelekea huko. Huo mchanganyo wa sevo tatu unafanywa ndani ya jairo. Kwahiyo kwenye rimoti chagua helikopta lakini aina ya sahani weka ile ya kawaida isiyochanganya, nyingi zinaiandika H1 au 90. Ukiweka 120 kwenye rimoti na jairo nayo inachanganya, unapata mchanganyo juu ya mchanganyo, sahani inacheza ngoma haieleweki, unaanza kulaumu sevo. Na trimu zote za rimoti, vile vitufe vya kusahihisha kidogo pembeni mwa fimbo, ziwe sifuri na zibaki sifuri, kwa sababu jairo ikiona trimu inadhani umeshika fimbo unataka kuzunguka.

Mpangilio wa fimbo wengi huku tunatumia modi 2, kushoto throto na mkia, kulia ni mbele nyuma na pembeni. Swichi ya kwanza kuiweka, kabla ya madoido yote, ni ile ya kukata mota, throto holdi. Iwe sehemu ambayo kidole kinaifikia bila kuangalia, na ukiipiga mota inakufa hapohapo bila kujali fimbo iko wapi. Izoeshe kidole chako ukiwa umekaa tu unaangalia taarifa ya habari.

Tukirudi kwenye sevo. Washa, weka fimbo ya pichi (ni ileile ya throto) katikati kabisa, alafu angalia mikono ya sevo kwa macho, inatakiwa ikae digrii 90 na ule mwili wa sevo, au na kijiti chake. Haikai, ni kawaida, meno ya sevo hayajali unataka nini. Toa mkono, geuza jino moja, rudisha, karibia kadiri uwezavyo, kile kidogo kinachobaki ndo unakimaliza kwenye menyu ya jairo, sio kwenye rimoti. Baada ya hapo pandisha fimbo ya pichi polepole. Sahani yote inatakiwa ipande ikiwa bapa. Kona moja ikishuka wakati nyingine zinapanda basi sevo hiyo imegeuka, igeuze kwenye jairo. Zikishuka zote tatu geuza pichi nzima. Ukimaliza sukuma fimbo ya kulia mbele, sahani iiname mbele, kulia iiname kulia.

Pichi inapimwa na kile kipimo cha digrii kinachovaliwa kwenye bladi, cha plastiki bei yake ndogo tu, hapo utarudisha bladi moja mota ikiwa bado imekatwa. Fimbo katikati lazima usome sifuri, sio moja, sio nusu, sifuri, na bladi ya pili nayo sifuri. Juu kabisa na chini kabisa 450 nyingi zinapelekwa kama digrii 10 au 11 kila upande, ila hiyo ni ya kuruka kwa madoido. Kwa kujifunzia kwenye rimoti nilipunguza upande wa chini ukabaki kama digrii 3 hasi, kwa sababu anayeanza akishtuka anavuta fimbo chini kwa nguvu zote, na ukivuta chini ukiwa na digrii 11 hasi helikopta haishuki, inajichimbia. Kuna na hatua ya jairo inakwambia weka pembe ya kuinamia iwe digrii 6 au 8, inategemea jairo yako, fuata kijitabu chake hapo usibuni, namba hiyo ndo inayoifundisha jairo sahani yako ina nguvu kiasi gani.

Alafu kuna vipimo viwili vya mkono ambavyo havina kipimo wala hesabu, na kama utasoma aya moja tu humu soma hii. Inyanyue helikopta kwa mkono ikiwa imewashwa, mota ikiwa bado imekatwa, iinamishe pua mbele kwa mkono. Sahani inatakiwa ipinge, iiname nyuma, kama inayotaka kubaki sambamba na sakafu. Ilaze kulia, sahani iende kushoto. Ikifuata ulikoinamisha badala ya kupinga jairo imesoma kinyume na ikitoka ardhini itapinduka kabla hujapumua. Cha pili ni mkia. Mpwa wangu alikuja na yake imemshinda, kila akiinyanyua inazunguka, ameshabadilisha bladi za mkia ameshabadilisha mkanda. Nikamwambia ishike hapo katikati, gusa fimbo ya mkia kulia, ile slaida kwenye shafti ya mkia, inayobadilisha pembe ya bladi za mkia, imeenda wapi? "Imeenda ndani anko." Sawa, sasa achia fimbo, chukua helikopta uizungushe pua kushoto kwa haraka. Akaizungusha. Slaida ikaenda nje. Nikamwambia rudia, ikaenda nje tena. Yaani helikopta ikisogea kushoto jairo badala ya kuirudisha kulia inaisaidia kwenda kushoto zaidi, hiyo haitaruka hata ukinunua mkia mpya wa dhahabu. Tukaingia kwenye menyu, geuza, tukarudia, slaida ikaingia ndani. Kesho yake akanitumia video imesimama hewani. Kwahiyo sheria ni fupi, fimbo kulia na pua kushoto kwa mkono, slaida iende upande uleule.

Kingine kitakachowatisha mezani, ukigusa fimbo alafu ukaachia sahani inaweza kubaki imeinama, hairudi katikati. Si ugonjwa. Jairo imeiomba helikopta izunguke, haijaona ikizunguka kwa sababu iko mezani, inasubiri. Msiitrimu.

Kuhusu plagi. Betri nyingi za saizi hii zinakuja na XT60 na spidi kontrola, ile inayopeleka umeme kwenye mota, inaweza kuja na waya mitupu, utahitaji mtu wa kuchomea risasi. Mafundi simu wetu mikono yao ni mizuri, kuliko yangu, lakini kile chuma chao cha simu hakina joto la kutosha kwa waya mnene hivi, risasi inashika juujuu inaonekana imekaa kumbe ndani ni baridi, siku ya kuvuta ampea nyingi inaachia. Nenda kwa fundi wa redio na amplifaya, wale wana chuma kizito. Na mwambie achomee plagi ikiwa imechomekwa kwenye mwenzake ili pini zisihame plastiki ikiyeyuka.

Kuchaji ni rahisi ila ina nidhamu yake. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, zote tatu 12.6, na ya 2200 unaichaji kwa ampea 2.2, lisaa limoja hivi, waya mwembamba wa kubalansi, unaosawazisha seli, ukiwa umechomekwa kila unapochaji. Usichaji ukalala, usichaji juu ya kochi, weka kwenye sakafu ya simenti au ndani ya sufuria la zamani. Umeme ukikatika usihangaike, chaja nyingi za hobi zinakula volti 12 moja kwa moja, mimi yangu naifunga kwenye betri ya sola na uwanjani naifunga kwenye betri ya gari boneti ikiwa wazi. Betri ambayo huitumii wiki hii iache kwenye volti 3.8 kila seli, sio ikiwa imejaa. Na msiiache kwenye gari lililopaki juani, joto letu hili ndani ya gari mnalijua.

Simuleta sasa. Kuna RealFlight, kuna neXt, rimoti nyingi unachomeka kwa waya wa USB kwenye kompyuta unaanza. Nitasema kitu wengine watabisha, kama hela ni ya kimoja tu kati ya simuleta na helikopta nunua simuleta kwanza. Sababu ni uelekeo. Mkia ukikuelekea wewe, kulia kwako ni kulia kwake, raha. Ikigeuka pua ikakuangalia, kulia kwako imekuwa kushoto kwake, na hapo kichwa kinahitaji kufikiri na helikopta haikupi nafasi ya kufikiri. Kitu hicho kinaingia kwenye vidole kwa kurudia tu, na kurudia kwenye kompyuta ni bure. Anza na mkia kwako, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, pua iwe ya mwisho.

Siku ya uwanjani. Kabla ya vyote suala la ruhusa, anga ni la TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, na vyombo visivyo na rubani vina kanuni zake, nenda kawaulize kuhusu chako, Kenya nao KCAA wana kanuni zao. Na kama unakaa Kipawa au Vingunguti ambako ndege zinapita juu ya bati lako sahau kurusha hapo, tafuta mbali. Mi naenda uwanja mmoja wa wazi alfajiri, kwa sababu pwani upepo wa baharini ukishaamka saa nne hivi haulali tena, na kusi ikishika mwezi wa sita wa saba hata asubuhi unahesabu siku. Nyasi ziwe fupi, mguu ukinasa kwenye nyasi ndefu wakati inanyanyuka inapinduka palepale.

Watoto watakuja. Hawana tatizo, tatizo ni wanakimbia kuifuata. Sianzi mpaka wote wako nyuma yangu, na huwa namtafuta mkubwa mmoja namkabidhi wadogo. Siku moja mzee aliyekuwa anapita akasimama, nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hii nayo inapiga picha?" "Hapana mzee, inaruka tu." Akaiangalia, akaniangalia mimi, "Inaruka tu, na umeamka saa kumi na mbili." Sikuwa na jibu ila watoto siku hiyo aliwashika yeye, wakatulia kuliko siku zote.

Rudisha waya za mota, bladi zifunge kwenye vishikio kwa kiasi, ukiilaza helikopta ubavu zisianguke zenyewe lakini ukiitikisa zikubali. Angalia mizani, ishike kichwani kwa vidole viwili bladi zikiwa zimenyooka, pua isizame wala mkia usizame, ukizama sogeza betri. Washa rimoti kwanza alafu helikopta, kuzima kinyume chake. Weka chini pua ikiangalia mbele, usiiguse mpaka jairo imalize kujipanga. Rudi nyuma hatua kumi, kumi na tano.

Spidi ya rota ikitulia, kabla haijanyanyuka, angalia bladi kwa ubavu kwa mbali. Ukiona duara mbili badala ya moja bladi hazifuatani, zima, weka kipande cha selotepu ya rangi kwenye moja ujue ipi iko juu, geuza kijiti chake nusu mzunguko, jaribu tena. Usiangalie bladi kwa ubavu ukiwa karibu, hata kidogo. Mkia ukitikisikatikisika harakaharaka geini ya jairo, yaani ukali wake wa kurekebisha, iko juu, punguza, ukiwa unapotea taratibu ongeza.

Ikitoka ardhini itataka kwenda kushoto. Wengi wanarudi mezani kutafuta kasoro na kasoro hamna, rota kuu za helikopta nyingi za rimoti zinazunguka kulia ukiangalia kutoka juu, bodi inataka kuzunguka kushoto, rota ya mkia inaizuia kwa kuusukuma mkia kushoto, na huo msukumo unaibeba helikopta nzima kushoto. Kwahiyo helikopta iliyotulia inasimama imelala kidogo sana kulia. Iachieni ilale. Na msikae kwenye kimo cha sentimita thelathini mkidhani ndo usalama, pale chini upepo wa bladi unagonga ardhi unarudi, inateleza kama iko juu ya sabuni... hapana, kwa kifupi haishikiki, ipandisheni mpaka usawa wa kifua mtaona inatulia. Funga ile miguu ya mazoezi, vijiti viwili vya msalaba vyenye mipira mwishoni, ni vibaya kwa macho ila vitakuokoa kila ukitua kwa ubavu.

Taima weka dakika 4 mwanzoni. Ukirudi nyumbani chaja itakuonyesha imerudisha kiasi gani, tuseme 1300. Ya 2200 hutakiwi kutumia zaidi ya asilimia 80, yaani 1760, na kwa dakika umekula 325, kwahiyo dakika 5 inakutosha na kinabaki cha kutulia. Betri ikizeeka rudia hesabu. Na wale wa Arusha, na Nairobi zaidi, hewa yenu ni nyepesi, helikopta ileile iliyoshiba Dar huko kwenu itasimama hewani kwa pichi kubwa zaidi na itakula betri zaidi, ongezeni spidi ya rota kidogo kabla hamjalaumu mota.

Mwisho spea, kwa sababu ukianguka na hauna spea unakaa unasubiri mzigo mwezi mzima unaangalia video za watu. Agiza pamoja na helikopta yenyewe, shafti kuu, kile kishafti kinachopita katikati ya vishikio vya bladi, bomba la mkia, bladi za mkia, na bladi kuu za bei ya chini, za kaboni acha kwanza. Shafti iliyoanguka ivingirishe juu ya kioo, ikiyumba hata kidogo itupe usiinyooshe. Gia kuu agizeni mbili.